Hatua Tatu za Mama Futi

Jongeeni, enyi mlioketi na mliosimama, zimeni simu zenu na mnyooshe shingo, kwani nawahadithia safari iliyoshinda misafara yote ya wafalme kwa ugumu: safari ya hatua tatu juu ya zulia lililochakaa, iliyoanzwa na Mama Futi, bibi wa anga la magharibi, mlinzi wa ndege zipandazo na zishukazo, aliyepewa jina hilo na wenzake kwa sababu hata urefu wa mapazia aliutaja kwa futi.

Makao yake yalikuwa chumba cha kuongozea ndege, chumba kisicho na dirisha hata moja, ambamo wanaotawala mbingu hawakujaliwa kuziona. Kila ndege iliyoingia magharibi ilikuwa mikononi mwake hadi ifike mpakani. Hapo sheria ilimtaka aikabidhi kwa mwongozaji wa mashariki, amwambie iko wapi na iko futi ngapi, naye atamke kwa kinywa chake, "Nimeipokea." Bila neno hilo, haivuki.

Na huyo wa mashariki alikuwa nani? Alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, bingwa wa kununa, ambaye walikuwa hawajasemezana naye kwa siku kumi na moja. Vita vilianzia kwenye kikao cha ukoo nyumbani kwa mama mkwe, pale shemeji alipotangaza mbele ya wakubwa na wadogo kwamba mashariki ni kazi ya wanaume wa shoka, na magharibi ni mahali pa kupumzikia. Mama Futi, kwa upole wa simba jike, alimjibu kwamba mtu aliyesahau kumchukua bintiye shuleni mara mbili kwa wiki moja asijisifu kuwa anakumbuka ndege. Tangu siku hiyo mataifa haya mawili makuu yalikabidhiana ndege kwa simu ya ndani tu, kwa sauti za kusomea matangazo ya vifo, ilhali viti vyao vilitengana kwa hatua tatu.

Saa nne asubuhi, ndege yenye abiria mia moja arobaini na wawili ilikuwa inaelekea mashariki, futi elfu thelathini na tatu juu ya ardhi, ilipovamiwa na mawingu.

"Magharibi, tunatikiswa vibaya," rubani alisema redioni. "Mhudumu wangu ameanguka, ameumia mkono. Naomba kupanda hadi elfu thelathini na tano."

Mama Futi aliitazama rada. Kutoka mashariki ilikuwa inakuja ndege nyingine, uso kwa uso na hii, futi elfu thelathini na nne, yaani katikati kabisa ya alipo rubani na anapotaka kwenda. Na ndege hiyo ilikuwa ya shemeji.

"Baki hapo hapo ulipo," alimwambia rubani. "Usipande mpaka nikwambie."

Akainua simu ya ndani. Kimya. Akabonyeza kitufe, kisha akaipiga kofi, silaha ya kale ya mafundi wote. Kimya.

"Imeanza kusumbua tangu asubuhi," alisema msimamizi wa zamu, amiri jeshi wa chumba kile, akiwa ameshika kikombe cha chai. "Fundi amesema atakuja."

"Atakuja lini?"

"Amesema atakuja."

"Mashariki," Mama Futi aliita kwa sauti ya kiofisi. Shemeji hakugeuka. "Mashariki," aliita tena. Shingo ya shujaa ikakakamaa, dalili kwamba amesikia na anaipima heshima yake.

Ndipo Mama Futi akainuka. Akapiga hatua ya kwanza, na kiti kikalia nyuma yake. Akapiga ya pili, na waya wa vifaa vyake vya masikioni ukavutika ukawa kama kamba ya kuanikia nguo. Hatua ya tatu haikuwezekana, maana kuvivua ni kumwacha rubani peke yake mawinguni. Akasimama pale, akameza mate, na siku kumi na moja akazimeza pamoja nayo.

"Shemeji," alisema.

Shemeji akageuka.

"Nina mtu anatikiswa, yuko elfu thelathini na tatu, anataka tano. Wako yuko nne, wanatazamana. Simu imekufa. Nisaidie."

Naye bingwa wa kununa akainuka, akapiga hatua ya tatu kwa niaba ya ukoo mzima, waya wake nao ukikaza, akachungulia rada ya magharibi.

"Wanapishana baada ya muda gani?"

"Dakika nne. Ila ana majeruhi."

"Namgeuza wangu kulia. Ngoja kidogo."

Akarudi kitini, akaiongoza ndege yake ikakata kona, na nukta mbili za rada zikaanza kuachana polepole mpaka umbali wa usalama kati yao ukatimia, na ziada juu.

"Mpandishe," alisema.

Mama Futi akampandisha. Futi zikahesabika moja baada ya nyingine, naye akazitazama bila kupepesa, mpaka rubani aliposema ametulia elfu thelathini na tano.

"Ni wako, shemeji."

"Nimempokea." Kisha, akiikazia macho rada yake, akaongeza, "Mtoto nilimsahau mara moja tu. Ile ya pili ilikuwa zamu ya mama yake."

"Basi mara moja."

"Na huko kwako kuna kazi. Nimeona."

Huko juu, abiria mmoja alilalamika kwamba chai yake imemwagika, na kwamba kampuni itasikia kutoka kwake. Huku chini, msimamizi alifungua daftari la zamu, akafikiri kwa kina, akaandika: "Simu ya ndani mbovu. Mengine kawaida."

Basi vizazi na vijue kwamba saa nne na dakika saba, siku isiyo na jambo lolote, ndege mbili hazikugongana, na mtu na shemeji yake walisemezana. Mnara wa kumbukumbu haukujengwa. Fundi hadi leo hajaja.