Kiti cha Mbele cha Mgeni Mpya

Jumatano, 3 Agosti 1994. Magomeni, Kilosa.

Miaka thelathini na minne, miezi mitano na siku tano tangu niondoke. Nimehesabu mara mbili kwa penseli ndani ya treni ya Tazara. Niliondoka tarehe 29 Februari 1960, tarehe ambayo yenyewe hairudi hovyo. Niliondoka na sanduku la bati kwenda kuwa karani wa migodi ya shaba, Ndola. Nimerudi na pasipoti ya Zambia, magoti mabovu na akili timamu.

Nimefikia kwa Selestina, binti wa marehemu dada yangu. Mji umebadilika. Mitumba imetandazwa hadi mlangoni mwa posta. Soda za kila rangi. Kila mtu anazungumza habari za soko huria kama jirani aliyehamia juzi.

Nimekuja kwa jambo moja. Mama alizikwa Aprili 1971 kwenye kilima cha Lugobe, nyuma ya nyumba yetu. Barua ilinifikia Agosti. Baadaye kitongoji kizima kilihamia kijiji kipya, mpaka wa mbuga ya Mikumi ukasogezwa, na Lugobe ikabaki kwa nyati. Kaburi sijaliona. Nina miaka sitini na saba. Nitaliona wiki hii.

Selestina anasema ipo kambi mpya ya kampuni binafsi, Kambi ya Nyati Watatu, inayopeleka wageni juu ya Lugobe kila jioni kunywa chai na kutazama jua likizama. Vizuri sana! Lakini safari hiyo haiuzwi. Ni zawadi kwa wageni wanaofika Mikumi kwa mara ya kwanza tu. Aliyewahi kufika hapelekwi. Mzungu anayeishi nchini hapelekwi.

Akaanza kuniambia habari ya mwezi wa sita, na lango la mbuga, na kuomba. Nikamkatiza. Karani wa miaka thelathini haombi getini. Anapanga.

Alhamisi, 4 Agosti.

Basi hadi Mikumi mjini. Vumbi limeingia hadi kwenye miwani. Ofisi ya kambi iko kando ya barabara kuu. Ndani binti mmoja, Perpetua, adabu zimekamilika, shikamoo mzee, karibu mzee, kaa mzee. Akachukua fomu. Swali la kwanza: nimewahi kufika Mikumi?

Nikasema nimezaliwa pale.

Kosa la mpango. Perpetua akaandika bila kuinua uso: Mgeni wa kurudia. Nikamweleza kwamba sijakanyaga pale tangu kabla yeye hajazaliwa. Akasema pole mzee, lakini kurudi ni kurudi. Mgeni wa kurudia anapata hema la nyuma karibu na jenereta, na matembezi ya bwawa la viboko. Nikamwuliza mantiki yake ni nini. Akanieleza kwa upole, kama wanavyofundishwa siku hizi. Mgeni wa kwanza akirudi kwao anawasimulia watu ishirini. Wa kurudia anamsimulia mkewe, na mkewe ameshasikia.

Zamani aliyerudi ndiye aliyewekewa kiti kizuri, maana alikuwa amekumbuka njia. Nimeliandika hili si kwa kulalamika. Nimeliandika kwa usahihi.

Nikachana fomu vipande vinne, nikavitia mfukoni. Ushahidi hakuna!

Ijumaa, 5 Agosti.

Siku ya maandalizi. Nimenunua kofia ya mitumba, ya kaki, ukingo mpana, kamba ya kufunga kidevuni. Selestina amesema: "Mjomba, unafanana na mtu wa kwenye kopo la kahawa." Hasa ndivyo ninavyotaka.

Mpango: naenda moja kwa moja kambini, siyo ofisini kwa Perpetua. Mimi ni Mzambia mstaafu. Kiswahili sijui. Kiingereza cha Ndola tu. Mikumi sijawahi kuiona hata kwenye kalenda.

Alasiri nimefanya mazoezi ya kushangaa. Selestina akapitisha mbuzi wake uani, nikashangaa. Akampitisha tena. Nikashangaa vizuri zaidi. Jirani akauliza kama mjomba ni mzima.

Selestina akajaribu tena: "Mjomba, mwezi wa sita mimi mwenyewe nili..." Nikamwambia mambo ya mwezi wa sita yangoje, tuko Agosti. Akaenda jikoni, akacheka peke yake. Mpwa wangu ni mwema ila hana ujasiri wa mambo makubwa.

Jumamosi, 6 Agosti. Kambi ya Nyati Watatu.

Nimeingia! Naandika haya ndani ya hema la mbele kabisa, lenye kioo na ua kwenye glasi.

Ilibaki kidogo iharibike dakika ya kwanza. Dereva wa kambi, jina Masunga, Msukuma mrefu wa makamo, akafungua mlango wa gari la kukodi lililonileta, akainama na kusema shikamoo mzee. Nikajibu marahaba.

Limenitoka lenyewe. Miaka sitini na saba ya malezi haizuiliwi na kofia. Meneja, kijana mmoja aitwaye Brayson, akanitazama. Nikasema kwa Kiingereza kwamba neno hilo nimelisoma kwenye kitabu ndani ya treni. Brayson akafurahi kupita kiasi. Akawaita wapishi waje wamwone mgeni aliyejifunza neno. Nikapigiwa makofi. Kosa limegeuka ushindi! Kisha akanifundisha kusema Jambo. Nimekosea mara mbili kwa makusudi. Ya tatu nikapatia, makofi tena.

Pasipoti. Pale penye mahali pa kuzaliwa pameandikwa Kilosa. Nikamwambia Brayson kuna Kilosa nyingine karibu na Ndola, majina husafiri kama watu. Akasema dunia ni ndogo, akaandika. Mgeni wa Mara ya Kwanza! Nimeisoma mwenyewe, juu chini, upande wa pili wa meza.

Tatizo moja. Yuko Mholanzi, Bwana Henk, mnene, shingo nyekundu. Anasema ametua nchini jana. Kiti cha mbele cha Landrova hupewa aliyefika karibuni zaidi, kwa hiyo ni chake. Mimi nyuma, pamoja na Wajerumani watatu na kamera zao. Magoti yangu hayawezi nyuma.

Lakini wakati wa chakula nimemchunguza. Aliagiza ugali kwa udadisi, akasema. Akakata tonge, akalifinyanga, akalibonyeza kwa dole gumba, akachota mchuzi. Tone halikudondoka! Mtu wa jana haendi hivyo na ugali. Huyo ana miaka kumi nchini, si chini. Nimekaa kimya. Silaha haitolewi mezani.

Jumapili, 7 Agosti.

Nimekosa ibada. Nitaungama wiki ijayo, kwa mafungu.

Saa tisa na nusu tukapanda gari. Henk mbele. Mimi nyuma, magoti masikioni. Kilomita ya tatu, penye miti mingi, mbung'o wakaingia. Mmoja akamkaa Henk shingoni. Henk akampiga kofi na kusema mwanaharamu huyu, kwa lafudhi safi ya Kidodi, kwenye mashamba ya miwa.

Wajerumani hawakuelewa. Masunga akawa anatazama barabara kwa bidii. Nikainama hadi kwenye sikio la Henk, nikamwuliza kwa Kiswahili mavuno ya miwa yakoje mwaka huu. Masikio yakawa mekundu kuliko shingo. Akanong'ona: "Mzee, tusiharibiane. Nina miaka kumi na mmoja Kidodi. Kila wiki nakiona kile kilima kutoka barabarani, na kila nikiomba ofisini wananiandikia viboko."

Tukakubaliana kiungwana. Akadai tumbo linamuuma, gari likasimama, tukabadilishana. Nimefika Lugobe nimekaa kiti cha mbele!

Nilikitambua kilima kabla ya kona. Mwamba wa kuanikia mtama ulikuwa pale pale. Nyumba hakuna, hata kifusi. Lakini shina la mlimao lipo, limechipua. Nikajilazimisha kushangaa kama kwa mbuzi. Sikuhitaji kujilazimisha sana.

Kaburi nililiona kutoka mbali kwa sababu lilikuwa jeupe. Mawe yamepakwa chokaa, magugu yameng'olewa. Kambi wameliandika kwenye kijitabu chao kwamba ni kiti cha mfalme wa kale aliyegeuka nyati. Masunga akawasimulia wageni hayo kwa Kiingereza, uso mkavu. Mjerumani mmoja akataka kukaa juu yake apigwe picha. Masunga akamzuia, akamwambia mfalme anauma. Akawatandikia chai mbali, kwenye mwamba wa mtama.

Kisha akarudi, akasimama mbele ya mawe, mgongo kwangu, akaanza kusema kwa Kiswahili kama anayezungumza peke yake.

"Bibi, wajukuu zako waoga. Walimwona simba mmoja mzee hana meno, wakakimbilia Kilosa, wakakuacha wewe umfukuze."

Masunga ni Msukuma. Msukuma ni mtani wetu Wasagara tangu enzi za misafara ya mizigo. Ana haki ya kututukana hata msibani, nasi tuna haki ya kumrudishia, na hakuna wa kununa. Nilijua ni lazima ninyamaze. Mpango wote ulitegemea hilo. Lakini tusi la mtani mbele ya kaburi la mama yako haliachwi liende hivi hivi.

Nikasema: "Na ninyi mlikuja na ng'ombe mia mkapotea njia, mkaja kumwomba maji. Akawapa kwa kata iliyotoboka, maana ndicho chombo chenu."

Kijiko kilianguka huko kwenye chai. Masunga hakugeuka.

"Marahaba ile ya jana ilikuwa nzuri, mzee," akasema. "Kitabu gani kinafundisha kuiburuta vile?"

Nikamwambia ni mama yangu. Akasema alijua huyu bibi ni mama wa mtu. Kisha akageuka, akanyoosha mkono. "Miaka yote hii, halafu mikono mitupu. Faini. Lete kofia."

Kofia yangu! Lakini sheria ni sheria. Nikafungua kamba, nikampa. Akaivaa. Inampendeza, kwa bahati mbaya.

Kisha akasema taratibu, bila utani sasa, kwamba ningesema tu getini. Wenye makaburi yao hupelekwa kila mwaka, anakwenda nao yeye na askari mmoja wa mbuga, na hakuna fomu ya mara ya kwanza wala ya pili. Mwezi wa sita alimleta mama mmoja wa Magomeni na ndoo ya chokaa. Jina Selestina.

Nilitazama chokaa. Kingo zimenyooka. Kazi nzuri, sina budi kukiri.

Kaburi ni fupi. Nilikuwa nimesahau kwamba Mama alikuwa mfupi. Huko Ndola, miaka yote, nilikuwa nikimwona mrefu.

Nikamwamkia kwa Kisagara, sauti ya chini. Kisha nikangoja muda unaotosha mtu kuitikia.

Nilipogeuka, Henk alikuwa amevua kofia. Wajerumani wakamwiga, wakidhani ni sehemu ya safari. Jua likazama bila kutazamwa na mtu.

Jumatatu, 8 Agosti.

Asubuhi Brayson alitukusanya wageni wote na kutoa vyeti. Changu kina picha ya nyati na muhuri wa rangi ya zambarau. Kinathibitisha kwamba Bwana Elikana Marko amefika Mikumi kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Makofi! Nikasema Jambo. Makofi zaidi!

Henk naye akapata chake. Tulipeana mikono kama wageni wawili wasiojuana. Masunga alisimama nyuma na kofia yangu kichwani, akanisindikiza hadi kwenye basi. Akaniambia nikirudi nije na pombe ya mtama, la sivyo atachukua na viatu.

Jumanne, 9 Agosti. Magomeni.

Nimekitundika cheti juu ya kitanda. Selestina alikisoma, akaenda jikoni, akarudi akiwa amefuta macho. Sijui alikuwa akicheka au vipi. Nilimsifu kwa chokaa. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akanisogezea kikombe, akasema, "Chai inapoa, mjomba."

Amependekeza tujengee kaburi kwa saruji na msalaba, Pasaka ijayo. Barua moja tu kwa mbuga, anasema, na anamfahamu Masunga. Wazo la kawaida. Kwa njia hiyo angefika mtu yeyote, nyuma ya gari, na ndoo miguuni. Mimi nimefika kwa akili yangu, kiti cha mbele, na nina muhuri. Kwamba njia ya Selestina ilikuwepo muda wote hakupunguzi kitu. Kunaonyesha tu ni mlango gani mgumu nilioupasua.

Jambo moja linahitaji uangalifu. Kwenye daftari la Brayson, Elikana Marko ameshafika. Akionekana tena pale, ni mgeni wa kurudia: jenereta na viboko. Kwa hiyo nimeacha kunyoa tangu asubuhi. Pasaka atakuja mzee mwingine, ndevu nyeupe hadi kifuani, jina Mathayo, pasipoti imesahaulika Lusaka. Mikumi hajawahi kuisikia. Atashangaa kila kitu. Saruji itakuwa chini ya kiti cha mbele, ndani ya mfuko wa kamera.

Mimi Elikana sitarudi.