Uzio Uliochelewa na Dakta wa Kobe

Merle Dufrane alikuwa msomaji mzuri sana wa vitu ambavyo hakuna mwingine aliyevisoma. Vitabu hakuvitaka. Yeye alipenda matangazo ya serikali, yale yanayochapwa gazetini kwa herufi ndogo kama mchwa, chini ya habari za vifo na mbwa waliopotea. Kwa Merle, jambo ambalo watu wote wamelisikia na hakuna aliyelisoma lilikuwa sawa na duka lililoachwa bila kufungwa.

Asubuhi moja ya mwisho wa Mei aliketi katika mgahawa wa Haskin Ferry, mji wetu mdogo upande wa Wisconsin wa mto Mississippi, akinywa kikombe cha tatu cha kahawa ya kuongezewa bure. Tangazo lilisema hivi: mtambo wa nyuklia ulio nje ya mji uliagizwa kujenga uzio mpya, minara ya kamera na mtaro wa nyaya, na muda uliisha mwezi Machi. Kazi haikukamilika. Sasa mtambo unaomba uongezewe muda hadi Novemba. Serikali imepima athari za ucheleweshaji huo kwa mazingira na kuona hakuna yoyote ya maana, si kwa samaki, si kwa ndege, si kwa makaburi ya kale. Wananchi wanakaribishwa kutoa maoni.

Aya zilikuwa sita. Merle alisoma mbili, akalikunja gazeti na kutabasamu.

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, suti moja nzuri, na gari la mizigo alilolitumia pia kama chumba cha kulala. Kule Iowa aliwahi kuwauzia watu bima ya mvua ya mawe, na baadhi yao walikuwa na paa za zege. Iowa bado walimkumbuka. Wanasema wanatamani sana kumwona tena.

Kufika saa sita mchana hakuwa Merle tena. Alikuwa Dakta Preston Ashworth, mkaguzi wa mazingira, naye ameketi kwenye kiti cha kinyozi wetu, Duane Pelkey, shuka limemfunga shingoni.

"Uzio umechelewa, bwana," alisema kwa huzuni ya kitaalamu. "Ukichelewa, mazingira yanaumia. Yakiumia, kuna watu lazima walipwe fidia."

Mkasi ukasimama. "Watu gani?"

"Waathirika."

"Mimi nimeathirika," Duane akasema papo hapo. "Nimeathirika vibaya sana, Dakta. Niambie tu nimeathirikaje."

"Taratibu. Kwanza ukaguzi, halafu orodha."

"Kujiandikisha ni pesa ngapi?"

Merle akajifanya ameshtuka. "Pesa? Bwana Pelkey, usinitie matatani! Sheria hainiruhusu kugusa hata senti yako. Shida yangu ni vifaa. Nimeletwa huku mikono mitupu. Sasa raia mwema akiniazima kifaa cha ukaguzi, jina lake si linakaa juu juu kabisa?"

"Nina boti," alisema Duane. "Ya alumini. Ina mashine." Akamnyoa bure, na ndevu akamchonga.

Huo ndio ulikuwa uhodari wake. Mtu akiombwa pesa hushika mfuko. Akiambiwa pesa zake hazitakiwi, hufungua banda. Katika siku tano Merle alikuwa na boti, misumeno miwili ya mashine, darubini ya thamani kubwa kuliko gari lake, na pikapu nyekundu aliyoazimwa na muuza matairi ambaye alidai ameathirika hadi kwenye usingizi. Kulikuwa pia na jenereta. Jenereta hiyo, naona haya kusema, ilikuwa yangu.

Mpango ulikuwa mwepesi: Jumamosi apakie kila kitu, avuke daraja kwenda Minnesota, kwa bwana mmoja anayenunua vitu bila maswali.

Alhamisi akaja Mwalimu Ardith Nygaard.

Mwalimu alikuwa na miaka sabini na minne na magoti mabovu. Alifundisha baiolojia shuleni kwetu miaka thelathini na mmoja, na nusu ya mji haiwezi kumtazama usoni bila kukumbuka chura aliyepasuliwa. Shamba lake linapakana na mtambo, kwenye ukanda wa mchanga kando ya mto, na uani kwake kulikuwa na karavani la bati linalong'aa kama sinia la harusi. Merle alikwisha kuliona. Kwa kweli alikwisha kulala ndani yake ndotoni.

"Nitakuazima karavani, Dakta," Mwalimu alisema. "Ila kwanza nihesabie kobe."

"Kobe, mama?"

"Wa majini, wenye kidevu cha njano. Ni wachache waliobaki. Serikali inasema hakuna athari kwa sababu hesabu yao ilifanywa kwa kazi ya majira ya baridi, kobe wakiwa wamelala chini ya matope. Sasa kazi itaendelea majira yote ya joto. Na Juni, Dakta, majike wanapanda mchangani kutaga, palepale unapopita mtaro wa nyaya. Nimeandika barua tatu. Wananijibu wanataka idadi ya viota. Na haya magoti hayachuchumai tena."

"Kazi ya siku ngapi?"

"Kumi."

Merle akapiga hesabu ya karavani. "Kwa ajili ya mazingira, mama," akasema, mkono kifuani.

Aliazimia kufanya kazi siku mbili na kubuni nane. Hakumjua Mwalimu. Kila siku bibi huyo alifungua kiti chake cha kukunja ukingoni mwa mchanga, kofia kichwani, filimbi shingoni. Merle akipaza sauti, "Viota vinne!" kabla hata hajainama, filimbi inalia. "Rudia!" Basi akarudia. Alitembea na uzio akaurudia, alilala kifudifudi na darubini ya watu, alichora ramani daftarini, akaandika saa na namba na vishale. Alivamiwa na mbu ambao hawakujali cheo chake. Suti ile nzuri ikawa rangi ya kinamasi.

Siku ya saba, jioni jua likiwa bado juu ya maji, jike mmoja alipanda kutoka mtoni na kusimama hatua tatu kutoka pua ya Merle. Kwa ukubwa wa gamba, Mwalimu alisema baadaye, huyo angeweza kuwa na umri sawa na wa Merle. Akachimba kwa miguu ya nyuma, polepole, bila kugeuka hata mara moja kuangalia anachokifanya. Akataga, akafukia, akapiga-piga mchanga kwa tumbo mpaka usingejua kuna kitu, kisha akarudi mtoni. Merle akagundua hajaandika kitu daftarini. Akailaumu bakuli ya viazi na jibini aliyopewa mchana.

Siku ya kumi alikuwa na viota ishirini na vitatu, kila kimoja kimefunikwa wavu dhidi ya rakuni, yule mnyama mwizi wa mayai. Mwalimu akampa funguo za karavani. Siku iliyofuata, asubuhi, Merle alipakia vitu vyote ndani, akapandisha boti nyuma ya pikapu, akafunga karavani, akala kona.

Barabara ya darajani inapita mbele ya lango la mtambo. Hapo magari mawili yakamzibia njia.

Walimweka katika chumba kisicho na dirisha. Mkuu wa walinzi, Kapteni Renee Tolliver, akapanga picha mezani moja baada ya nyingine. Merle na darubini kando ya uzio. Merle kifudifudi mbele ya mnara wa kamera. Merle anaandika. Merle anatambaa. Halafu akaweka daftari: ramani ya uzio wote, saa, namba, vishale.

"Kamera mpya hazijafungwa zote," Kapteni alisema. "Zilizofungwa, siku kumi zimekuwa zinakutazama wewe. Na leo unatoroka na boti, misumeno na jenereta. Dakta Preston Ashworth hayupo popote duniani. Merle Dufrane yupo. Iowa wananiambia yupo sana."

Merle akapiga mahesabu. Tapeli anafungwa miaka michache. Mtu anayepeleleza mtambo wa nyuklia, hata mahesabu yaligoma.

"Nilikuwa nahesabu kobe, mama," alisema.

"Kobe."

"Ndiyo."

"Na namba hizi?"

"Viota."

Kapteni akamtazama kama anavyotazamwa mlevi anayedai amekunywa maji tu. Miaka thelathini Merle alisema uongo ukapokelewa kwa kahawa na keki. Leo anasema kweli, na uso wa mbele yake umefungwa kama kasiki ya benki.

"Haya. Kobe jike anachimba kwa miguu ipi?"

"Ya nyuma." Na hapo, bila kupanga, maneno yakamtoka. Akaeleza anavyochimba bila kutazama, anavyofukia, mayai yanavyoharibika ukiyageuza, kwa nini mtaro ukipita kwenye alama ya kumi na nne ya ramani utaua nusu ya wote. Aliongea dakika ishirini, akachora mezani kwa kidole. Mlinzi aliyesimama mlangoni akashindwa kuvumilia.

"Na rakuni? Wavu anaupitaje?"

"Hapiti. Ukiubana kwa vigingi vinne hapiti."

Kapteni akatoka kupiga simu. Alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu Nygaard, bila shaka; nani hakuwa? Bibi akafika na fimbo yake, akaomba aachwe dakika tano na "daktari wangu".

"Ulijua?" Merle akauliza.

"Nilisoma tangazo lote, Merle. Aya ya tano inasema hakuna fidia kwa mtu yeyote. Mkaguzi wa kweli angejua."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Kabla. Miaka mitatu namwomba Duane boti ile nihesabu kobe. Mara mgongo, mara harusi, mara mafua. Wewe umeipata kwa dakika kumi, na ndevu ukachongewa. Nikasema, huyu ndiye mtu wangu."

"Umenitumia!"

"Kama mwiko," Mwalimu akakubali. "Sasa sikiliza. Vitu vya watu unarudisha. Ripoti unasaini kwa jina lako halisi. Jumanne unasimama mbele ya wakaguzi, ukumbi wa shule. Ukitimiza, nitakudhamini kwa Renee; Iowa watakuja kukuchukua kwa wakati wao."

"Nikikataa?"

"Nitamwambia Renee ukweli. Kwamba mimi sikujui."

Jumanne ukumbi ulijaa. Waathirika wote walikuwa mstari wa mbele, Duane amevaa tai. Merle alisoma ripoti, kiota baada ya kiota. Mkaguzi wa serikali, mama mmoja mwenye miwani, akainua kalamu.

"Bwana Dufrane, una shahada gani?"

Angeweza. Ulimi wake ulikuwa na vyuo vinne tayari. Akamwona Mwalimu, ambaye hakuwa hata anamtazama; alikuwa anafuta miwani.

"Sina," Merle akasema. "Nilikuja kuwaibia watu hawa. Nikiwa nangoja nafasi, nikahesabishwa kobe."

Duane akanyanyua mkono.

"Na fidia?"

"Hakuna, Duane."

"Kwa hiyo mimi sijaathirika?"

"Hata kidogo, ndugu yangu. Pole."

Duane akaketi kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba. Mimi nilikuwa kiti cha pili kutoka kwake na nilijisikia vivyo hivyo, ingawa jenereta nilikwisha kurudishiwa.

Wakaguzi wakaja wenyewe mchangani, wakahesabu, wakapata ishirini na vitatu. Kazi ya mtaro ikasogezwa mpaka Oktoba. Uzio uliochelewa ukachelewa tena, na Kapteni Tolliver hakumsalimia Merle mwezi mzima. Kulikuwa na sharti moja: aliyesaini ripoti avisimamie viota mpaka mayai yatotolewe. Merle akasimamia. Duane akamletea samaki wa kukaanga kila Ijumaa, akidai anapita tu.

Mwisho wa Agosti, alasiri moja, gari lenye namba za Iowa likasimama kando ya mchanga. Akashuka askari kijana, afande Verhoeven, viatu vinang'aa, akaja moja kwa moja.

"Simama hapo hapo!" Merle akapiga kelele. "Usikanyage!"

Afande akabaki na mguu mmoja hewani. Chini yake, kikobe kimoja chenye ukubwa wa sarafu kilikuwa kinajisukuma kutoka mchangani.

"Wewe ni Merle Dufrane?"

"Ni mimi. Shusha mguu nyuma. Polepole."

Afande akashusha. Akasubiri. Baada ya kitambo akachuchumaa, na baada ya kitambo kingine akavua kofia kukizuia kimoja kilichoelekea barabarani. Walimaliza saa kumi na moja, wa mwisho alipoingia majini. Merle akaandika idadi, akasaini, akampa Mwalimu karatasi pale kwenye kiti chake cha kukunja, kisha akaikusanya mikono mbele apigwe pingu.

"Nieleze kitu," afande akasema wakielekea garini. "Barabara ilikuwa wazi majira yote ya joto, na ulijua tunakuja. Kwa nini hukukimbia?"

Merle alikuwa na uongo mzuri wa aina tatu. Mmoja ulikuwa na mama mgonjwa ndani yake, na ungeweza kumlegezea pingu. Akaupima, akauacha.

"Nilikuwa na kazi," alisema.