Kahawa Yangu ya Vitani

Jumatatu, 16 Agosti 1897
Nimepata njia! Rais wetu mpya, mtu wa hapa hapa Ohio, alipokuwa sajini wa chakula aliwapelekea wenzake kahawa ya moto katikati ya risasi, zamani za vita vya wenyewe kwa wenyewe. Leo yuko Ikulu. Na mimi je? Mpishi wa jeshi miezi kumi na minne! Jumamosi chama kinateua mgombea wa bunge la jimbo. Mpinzani wangu ni Kapteni Amos Whitlow, kinyozi, aliyeacha mkono mmoja vitani. Hapo kanizidi, sikatai.

Drusilla, mke wangu, amenikumbusha kwamba Rais alipita kwenye risasi, mimi nilipika maili sita nyuma. Nimemwambia maili ni jambo dogo.

Jumanne, 17 Agosti
Nimekwenda kunyolewa kwa Whitlow. Kinyozi mwingine hakuna. Nikawatangazia wateja habari za kahawa yangu na risasi. Whitlow, wembe shingoni mwangu, akaniuliza kwa upole ni vita gani. Nikasema ni vingi. Akasema basi nikasimulie Ijumaa kwenye mkutano wa wakongwe wa vita, wanaokaa kuuzunguka moto. Desturi ya pale inajulikana: lazima wenzake wawili msimuliaji, waliokuwepo, wasimame kumshuhudia. Nikakubali. Kwa wembe ule ningekubali lolote.

Jumatano, 18 Agosti
Wawili wa nini? Nimewapigia simu ya maandishi wote wa kikosi chetu niliojua wanakoishi. Kumi na mmoja wanakuja! Wote wamejibu kwamba hawajanisahau. Drusilla kasoma majibu yale mara mbili, kanirudishia. Wivu tu.

Ijumaa, 20 Agosti
Aibu. Aibu tupu.

Nilipika kahawa kama zamani zile: buni iliyoungua, maji ya kinamasi. Nikamimina vikombe, nikasimulia risasi, nikawaomba wanaonikumbuka wasimame. Wakasimama wote kumi na mmoja! Moyo ukanijaa. Ndipo mzee Enos Cobb, aliyetoka Indiana kwa treni, akanusa kikombe chake na kukimwaga.

“Ndugu zangu, huyu ni Stubbs Msokoto,” akasema. “Alilaza nusu ya kikosi siku nne kwa msokoto wa tumbo, na adui hajafyatua hata risasi moja.”

Wakacheka mpaka machozi. Whitlow alishikilia kiti kwa mkono wake mmoja asianguke. Cobb hakucheka.

“Siku ya vita vya darajani mimi nilikuwa nimelazwa na kahawa hiyo. Mdogo wangu Silas hakuinywa. Yeye alikwenda, hakurudi.”

Kisha akaja akanipa mkono, akaushika kwa muda mrefu. Whitlow akavua kofia. Nililia, naandika ukweli.

Jumamosi, 21 Agosti
Whitlow kura hamsini na nane. Mimi tatu. Drusilla hakunisema. Alinimiminia chai, akakaa karibu yangu.

“Lemuel, mume wangu, mkono aliokupa yule mzee unakutosha maisha yako yote,” akasema. “Ishia hapo.”

Nimemwahidi. Mwanamke huyu ana busara kuliko chama kizima.

Jumatatu, 23 Agosti
Nimefikiri upya. Majenerali waliokwenda Ikulu walipoteza watu kwa maelfu. Mimi niliokoa nusu ya kikosi bila hata kutoka jikoni! Nani mwingine nchi hii anaweza kusema hivyo? Novemba hii kuna uchaguzi wa hakimu wa kata. Nimeagiza mabango: STUBBS, WALIOINYWA KAHAWA YAKE WAKO HAI. Nimemwandikia Cobb aje ahutubie, na alete picha ya Silas, iwe kubwa kidogo.

Drusilla kahamia kwa dada yake mpaka Novemba. Hajaelewa mpango. Mwaliko umeshakwenda kwa wafuasi wangu wote, wa Whitlow hata mmoja hatapata tone: kikombe kimoja kimoja cha kahawa ile ile, siku moja kabla ya kura.