Malalamiko Dhidi ya Waandishi Mia Mbili Wasiokuwepo

Redio Mlangoni,
Kamwokya, Kampala.
Alhamisi, 14 Machi 2013

Kwa Mkurugenzi, Mama Lanyero,

Pokea heshima zangu. Najua una kikao saa nane, kwa hiyo naanza na jambo lenyewe.

Kesho utaamua mambo mawili: kama mkataba wa majaribio wa Bi. Benedicte Mbambu, mpimaji wetu wa programu za kompyuta, uendelee au uishe. Na kama mfumo mpya wa mafaili uanze kazi rasmi Jumatatu. Naomba mkataba uishe na mfumo uanze.

Kwa wajumbe wa bodi watakaopata nakala, naeleza mfumo wenyewe, ambao tangu Januari tunautumia kwa matangazo ya vifo. Una matabaka mawili. Chini kuna matangazo yote ya zamani. Hayo hayaguswi, kwa sababu familia hurudi mwaka ukiisha kutaka tangazo lilelile la marehemu wao, lenye ukoo wote na wakwe wote kwa mpangilio uleule, ili lisomwe siku ya kumbukumbu. Juu kuna kazi ya leo. Ukifuta tangazo la zamani haliondoki. Juu yake hubandikwa alama ya kulificha. Msomaji akitazama kutoka juu huona ukurasa mmoja safi. Mimi naona mpango huu hauna kasoro.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Bi. Benedicte anapata makosa ambayo hayakuwepo. Kabla hajaja, daftari la hitilafu lilikuwa na mambo matatu, na mawili yalihusu feni. Kwa wiki saba alizokaa nasi yamefika arobaini na moja. Hesabu inajieleza.

2. Ameleta kazini watu ambao hawapo. Ametengeneza ndani ya kompyuta waandishi mia mbili, na huwaamuru waandike, wafute na wabadilishe jina la tangazo lilelile kwa pamoja, saa sita mfululizo. Baadhi yao amewapa majina ya jamaa zake wa Butembo. Asubuhi hutuarifu kwamba Princesse amegongana na Aristide, na Joska, mtangazaji wetu, huuliza kama kuna aliyeumia. Nilimkumbusha kwamba sisi ni saba, na kati ya hao saba Tarcisio huandika kwa kidole kimoja. Alinijibu hivi, nami nilinakili neno kwa neno kama ilivyo desturi yangu: "Mzee, kosa haliletwi na wingi wenu. Linaletwa na wawili kushika kitu kimoja kwa nukta moja. Hao mia mbili nawatumia ili lije leo, lisije siku ya mazishi ya mtu." Sikuona jibu hapo.

3. Alijua mapema. Jumatatu aliandika kwamba mtu mmoja akifuta tangazo huku mtu wa pili akibadilisha jina la folda yake, alama za folda hiyo zitadondoka na tangazo lililofichwa litaonekana tena. Jumanne likaonekana. Nimeandika habari za polisi kwa miaka ishirini na sita. Sijaona mtu aliyetabiri tukio siku moja kabla akaachwa bila kuhojiwa.

Tukio lenyewe unalijua, ila naliweka kwenye kumbukumbu. Afande Ojera wa Kyebando, sajini mstaafu, alitangazwa na sisi miaka miwili iliyopita kwa makosa. Aliyefariki alikuwa mtu wa jina lake huko Kitgum. Tangazo hilo lilibaki limefichwa. Jumanne saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili, Joska alikuwa akifuta matangazo yaliyopitwa, na mimi nilikuwa nikibadilisha jina la folda kwa sababu halikunipendeza. Saa kumi na mbili kamili Joska alimsoma Afande, pamoja na wakwe zake wote. Saa moja kuni zilikuwa zimefika nyumbani kwake, mikungu minne ya matoke na hema. Marehemu alikuwa barabarani akielekeza magari pa kuegesha, maana hakuridhika na jinsi majirani walivyoifanya kazi hiyo. Nilimpigia mkewe, Mama Acayo, kuomba radhi. Aliniambia: "Semeni redioni kwamba yuko hai, lakini ngojeni kwanza matoke yaive."

Kwamba mimi na Joska tulikuwa kwenye folda moja kwa wakati mmoja ni sadfa, na sadfa haihitaji mtaalamu.

4. Anataka wiki mbili za kurekebisha programu. Mimi ninazo hatua zisizohitaji hata siku moja. Kwanza, mtu mmoja tu aandike kwa wakati mmoja, kwa zamu ya dakika nne, wengine wakisubiri kwenye ngazi. Pili, kwa kuwa matangazo mengi huingia pamoja jioni, ofisi iziandikie hospitali kuziomba wagonjwa wapishane. Tatu, yeyote atakayetangazwa kwa makosa apewe barua rasmi ya kumwomba ashirikiane na tangazo hadi litakaporekebishwa. Afande Ojera ni mtu wa nidhamu. Akiona muhuri ataelewa.

5. Ripoti yake ina kurasa kumi na moja, na katika kurasa nilizosoma sikukuta neno moja la kujisifu wala la kumlaumu mtu. Mtu anayeandika hivyo angeweza kukalia kiti changu. Sioni sababu ya kungoja hilo litokee.

Kwa hayo matano, naomba kesho umshukuru Bi. Benedicte kwa utumishi wake na umruhusu aondoke. Sina chuki naye. Hunisalimia vizuri, na chai yake ni bora kuliko ya Tarcisio.

Nafunga hapa nikikutakia kikao kifupi. Wasalimie wajumbe wa bodi, dereva, mama wa kantini, Mama Acayo ukimwona sokoni, na kwa kuwa sitaki kuitwa mbaguzi, wale mia mbili pia.

Ni mimi kwa utii,
Ojok
Mwandishi Mwandamizi wa Habari

Nyongeza, kwa kalamu, Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi:

Barua hii niliihifadhi ndani ya mfumo mpya, kwenye tabaka la chini lisiloguswa, ili kuonyesha imani yangu. Jana jioni nilisoma ripoti ya Bi. Benedicte yote, maana awali nilikuwa nimeishia ukurasa wa pili. Nilipomaliza ukurasa wa nane, unaoeleza jinsi alama inavyodondoka, niliifuta barua. Asubuhi nimeikuta mezani kwako: katibu wako aliiona kwenye folda, akaichapa na kuigonga muhuri wa kupokelewa, na karatasi yenye muhuri hairudishwi. Nilimuuliza Joska alikuwa akifanya nini saa ile nikifuta. Alikuwa akibadilisha jina la folda ya barua, maana lile nililolipa mimi halikumpendeza.

Kwa kawaida sichapishi jambo lenye chanzo kimoja. Hili sasa lina viwili, na vyote ni mimi.

Nimemweleza Bi. Benedicte. Hakucheka. Aliuliza ilikuwa saa ngapi, dakika ya ngapi, kisha akaandika kwenye daftari: hitilafu ya arobaini na mbili, shahidi Mzee Ojok.

Mfumo usianze Jumatatu. Na mkataba wake tafadhali usaini asubuhi hii, kabla sijafuta kitu kingine.