Nikumbushe Kesho

Jumatatu, 9 Juni

Barua ya chuo imefika. Mke wangu atafanya mtihani wake hapa nyumbani, kwenye kompyuta, Jumamosi saa nne asubuhi. Miaka miwili amesoma. Madaftari yake yamejaa mpaka juu ya friji. Akifaulu, ataacha kuhesabu maboksi kwenye stoo ya duka la dawa, atasimama kaunta na koti jeupe. Akifeli, ni maboksi tena mwaka mzima.

Akaniuliza kama kompyuta yetu inafaa, maana programu ya mtihani inataka mfumo endeshi wa toleo la 12 au zaidi. Nikamwambia asiwe na shaka, nyumba hii ina mtaalamu. Mtaalamu mwenyewe ni mimi. Kule ofisi ya maji ninakofanya kazi, printa ikikwama naitwa mimi.

Nikaianza kazi kitaalamu. Kampuni iliyoitengeneza imeweka jedwali mtandaoni: upande huu mwaka wa kompyuta, upande ule matoleo inayoweza kuyabeba. Nikaigeuza kompyuta, nikasoma stika ya chini. Modeli ya 2009. Stika imepinda kidogo. Viwandani siku hizi hawajali kazi. Nikarudi kwenye jedwali. Modeli ya 2009: kuanzia toleo la 5 hadi la 8. Basi!

Lakini sasa tazama ajabu. Yangu inaendesha toleo la 9. Nimelitafakari jambo hili wakati chai inapoa, na jibu ni moja tu: utunzaji wangu. Mashine imevuka kikomo chake kwa sababu inafutwa vumbi na mtu anayejua. Na kama imefika 9 kwa utunzaji, itafika 12 kwa utunzaji zaidi.

Habari za jedwali sijamwambia mke wangu. Ana mambo ya kusoma.

Jumanne, 10 Juni

Siku ya utunzaji. Nimepiga mswaki kibodi yote (mswaki mpya, sasa unatafutwa na mke wangu). Nimefuta picha mia nne, nyingi ni za kidole changu. Nimeipepea kwa feni saa nzima, mimi mwenyewe nikitoka jasho pembeni.

Nikajaribu kupakua programu ya mtihani. Ikakataa. Inahitaji toleo la 12, uliyonayo ni 9. Hata hatua moja haikupanda!

Halafu kompyuta yenyewe ikaniletea ule ujumbe wake wa kila siku: toleo la 12 lipo tayari kwa kompyuta hii. Chini yake vitufe viwili, Weka Sasa na Nikumbushe Kesho. Tangu mwaka juzi inanisumbua hivyo. Masikini. Haijui umri wake. Nikabonyeza Nikumbushe Kesho, kama kawaida yangu. Nilishasikia kwamba ukiisukumia mashine kuukuu toleo jipya, inageuka tofali, haiwaki tena.

Jioni nikapita kwa fundi, kwenye kibanda chake pale kona, nikamdodosa kijuujuu kana kwamba ni shida ya mtu mwingine. Bila kuinua macho kutoka kwenye simu aliyokuwa anaifungua, akasema huyo mtu aende kona ya juu ya skrini, afungue palipoandikwa Kuhusu Kompyuta Hii, asome mwaka, ndipo aangalie jedwali. Dakika moja. Na kuweka toleo lenyewe ni saa tatu, asiizime. Nikamwambia mwaka umeandikwa chini kwa maandishi ya kiwanda, ya nini kuiuliza mashine jambo ambalo aliyeitengeneza ameshalisema? Akasema haya, bwana mtaalamu. Sikupenda alivyolitamka hilo neno.

Jumatano, 11 Juni

Utunzaji umegonga mwamba. Leo mpango wa pili: kompyuta ya kuazima.

Nilimfikiria kwanza Shemeji, kaka yake mke wangu. Nikamwondoa mara moja. Shemeji hana kompyuta. Anacho kila kitu kingine, na vyote ni vyangu: ngazi yangu, pasi yangu, kikaango changu kizuri. Mtu yule akiona kitu kipya hapa ndani, macho yanamng'aa, na kesho yake unakiona kwake kimepungua kipande. Pasi ilirudi mara moja bila waya.

Nikabaki na kompyuta ya ofisini. Inaendesha 13. Nikaingia kwa bosi, nikamwambia naomba kwenda nayo nyumbani Jumamosi, nina kazi ya dharura ya ofisi. Nilitegemea aguse paji la uso na kusema sawa. Badala yake akasimama. Akanishika bega. Akasema miaka yote hii alidhani mimi ni mzembe, kumbe. Akaita wenzangu waje wamwone mtu anayejitolea siku ya mapumziko.

Halafu akatoa kwenye droo orodha ya mita mbovu za maji, kurasa thelathini na moja za maandishi ya mkono, akasema niichape yote, aipate Jumamosi jioni. Kompyuta haitoki ofisini, ni kanuni, lakini ana imani nitaichapa kwa ile yangu ya nyumbani.

Nilikwenda na shida moja, nimerudi na mbili. Mke wangu akaniuliza kama mambo yako tayari. Nikamwambia yanaenda vizuri.

Alhamisi, 12 Juni

Nimebaki na Jirani. Nilitaka iwe mtu yeyote duniani isipokuwa Jirani.

Jirani ana kompyuta mpya yenye skrini pana. Hana ubaya wowote wa wazi, na hapo ndipo anaponichosha. Anafagia mpaka upande wetu. Salamu zake ni ndefu. Nikimwomba nitakuwa nimekwisha, atanipa kwa tabasamu na mtaa mzima utajua jinsi alivyo mwema.

Kwa hiyo nikaamua asijue kwamba ananipa. Nikamtembelea, nikamwambia kwa sauti ya huzuni kuna virusi vinazunguka mtaa huu, vinakula kompyuta mpya tu, na mtaalamu mwenye utu anaweza kumhifadhia yake kwake mpaka Jumapili. Akanisikiliza hadi mwisho. Akanishukuru sana. Kisha akasema Jumamosi haitawezekana, kwa sababu mke wangu alikwisha kuja juzi kumwomba nafasi endapo ya kwetu itagoma, na yeye amemwandalia meza karibu na dirisha. Amenunua na mto wa kiti. Tena atamchemshia chai.

Juzi! Siku ileile niliyokuwa napiga mswaki kibodi!

Nimerudi nyumbani nimenywea. Sikukasirika, niseme kweli. Niliona aibu. Nilimwahidi mtu ambaye ananisikia nikiahidi kila siku, na yeye kimyakimya akaenda kujitafutia meza.

Ijumaa, 13 Juni

Leo ruhusa ya nusu siku. Nikajikaza, nikamwambia mke wangu ukweli wote. Kwamba kompyuta yetu ni ya 2009 na mwisho wake ni toleo la 8.

Hakugomba. Akaweka kalamu chini, akaniuliza itakuwaje ya 2009 na sisi tumefunga ndoa 2014, na kompyuta tulinunua baada ya friji. Ikiwa kwenye boksi, na nailoni yake. Nikasema basi muuzaji alitupiga, alitupa ya zamani ndani ya boksi jipya. Akasema yeye anakumbuka vizuri, ilikuwa modeli ya mwaka uleule. Nikasema hapana. Akasema ndiyo. Mimi mtu akibishana nami kuhusu tarehe, damu inachemka. Naandika shajara tangu ujana wangu! Nikapanda kiti, nikafungua sanduku la juu ya kabati, nikashusha daftari la 2017, mwaka tulioinunua, ili nimsomee kwa sauti na kumaliza ubishi.

Nikamsomea. Nanukuu hapa:

"Tumenunua kompyuta, modeli ya mwaka huu. Ina toleo la 9. Shemeji ameiona kupitia dirisha na macho yakamng'aa. Lakini amenikuta! Nimebandua stika ya ile kompyuta iliyokufa ofisini nikaibandika chini ya yetu. Imepinda kidogo. Shemeji hagusi vitu vya zamani. Baadaye mambo yakitulia nitaibandua. Nitakumbuka."

Mke wangu akacheka mpaka akakaa sakafuni. Nilimwacha acheke, alihitaji.

Nikafungua kona ya juu, Kuhusu Kompyuta Hii. 2017. Nikafungua jedwali. Modeli ya 2017: kuanzia toleo la 9 hadi la 13. Kumbe 9 ni pale ilipoanzia. Utunzaji wangu haukuiongezea hata hatua moja. Hilo limeniuma kidogo.

Saa nane mchana ujumbe wa kila siku ukaja wenyewe. Kidole kikaenda Nikumbushe Kesho kwa mazoea, mke wangu akakishika hewani, akakipeleka Weka Sasa. Tukakaa wote wawili tukiitazama ikijaza mstari wake. Asilimia kumi. Asilimia arobaini. Saa kumi na moja na robo ikawaka: toleo la 12. Programu ya mtihani ikaingia bila neno. Nikatoka nje nikavuta pumzi mpaka viatuni.

Stika nimeibandua. Nimeibandika kwenye ukurasa huu, hapa chini, iwe fundisho.

Jumamosi, 14 Juni

Saa nne kamili mke wangu akaanza. Mimi nikatolewa nje, sauti ya viatu vyangu inamsumbua.

Nikakumbuka zile kurasa thelathini na moja za mita! Kompyuta yetu iko kwenye mtihani. Ofisi imefungwa. Nikazunguka nyumba mara mbili, kisha nikaenda kwa Jirani. Meza ilikuwa palepale karibu na dirisha, na mto juu ya kiti. Nikaketi. Mto ni mzuri, sitadanganya. Nilichapa mita mbovu hadi saa nane, na Jirani akaniletea chai mara tatu bila kuniuliza habari za virusi. Mtu wa ajabu.

Saa nane na nusu mke wangu akaja hadi dirishani. Akainua vidole vinane, kisha saba: themanini na saba kwa mia. Amefaulu! Nilisimama nikaangusha kikombe cha watu. Nilitaka kusema jambo la maana, machozi yakanitangulia. Akanishika mkono mbele ya Jirani na kusema asante kwa kompyuta. Nimestahili? Sijui. Nimepokea.

Jumapili, 15 Juni

Shemeji amekuja kumpongeza dada yake. Amekumbatia, amekula, amekaa. Halafu akaiona kompyuta mezani. Akauliza ni ya mwaka gani, maana mtihani mzima imeubeba. Akaipapasa mgongo. Macho yakaanza kung'aa.

Nikasema nakuja mara moja. Nikaingia chumbani na gundi, nikaibandua stika kwenye ukurasa wa Ijumaa. Nikarudi, nikamtuma Shemeji dirishani atazame kama mvua inakuja. Alipogeuka, stika ilikuwa mahali pake. Nikaigeuza kompyuta nikamwonyesha. Akasoma 2009, akaiweka chini kama sahani ya jana. Ameondoka na mwavuli wangu tu.

Mke wangu akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ni kwa muda, mambo yakitulia nitaibandua.

Nitakumbuka.

Jumanne, 9 Juni, mwaka mmoja baadaye

Umebaki ukurasa mmoja wa daftari hili, naumaliza leo. Kurasa za nyuma sikuzisoma. Niliziandika mwenyewe, ya nini kuzisoma?

Habari njema: mke wangu, baada ya mwaka mzima kaunta na koti lake jeupe, anafanya mtihani wa daraja la pili Jumamosi, hapahapa nyumbani. Programu inataka toleo la 13. Nikamwambia asiwe na shaka, nyumba hii ina mtaalamu. Akanitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama nina hakika sihitaji kukumbushwa jambo. Nikamwambia hapana, asome. Akachukua khanga akaenda kwa Jirani, sijui kufuata nini.

Nimeigeuza kompyuta. Modeli ya 2009. Yaani mashine ya zamani namna hii na bado inaendesha 12! Utunzaji ni kitu kikubwa. Ujumbe ukatokea kuniambia toleo la 13 lipo tayari. Masikini, haijui umri wake. Nikabonyeza Nikumbushe Kesho, nikaenda kutafuta mswaki.

Stika imepinda kidogo. Viwandani hawajali kazi.