Vita vya Mwoka Mikate na Usingizi katika Jumba la Maigizo

Sogeeni, enyi wenye masikio! Nanyi mliozoea kusikiliza nusunusu huku mkiwaza mambo yenu, leo tegeni yote mawili. Maana nitawasimulia vita ambavyo havikumwaga tone la damu, na ambavyo mshindi wake alipigana akiwa ameketi.

Alikuwako mwoka mikate, Simba wa Unga, Mtiisha Tanuri, aliyeamka kabla ya jogoo katika siku zote za kazi yake. Adui yake alikuwa mmoja tu: Usingizi, sultani asiye na huruma, aliyemteka mchana kweupe kwenye mahafali ya bintiye na kumkoromesha mbele ya wazazi wenziwe. Binti alilia siku ile. Sasa alikuwa mwigizaji katika mji wa kusini, na Jumamosi hiyo alasiri angetamka maneno yake ya kwanza jukwaani. Yalikuwa mawili, "Wageni wamefika," nayo yangekuja karibu na mwisho wa mchezo mrefu mno.

"Baba," alikuwa amemwambia kwa simu, "ukilala na safari hii, basi usije tena kunitazama."

Shujaa akaapa, akapanda basi pamoja na mkewe, mshona mapazia. Lakini mama huyo alikuwa na kiu ya sanaa ya miaka mingi. Akamburuta asubuhi nzima, kutoka vyungu vya makumbusho hadi vinyago, kutoka vinyago hadi ukumbi wa picha, wakasimama mbele ya mchoro mmoja mweupe tupu.

"Unaona nini hapo?" akauliza mke.

"Shuka," akajibu shujaa kwa hamu kubwa.

"Twende zetu. Wewe utalala umesimama!"

Wakaingia katika jumba la maigizo, na ole wake, viti vilikuwa laini! Mke akainua kiwiko kama mkuki, akanena, "Sikia, baba watoto. Hiki ndicho mlinzi wako. Ukisinzia tu, mbavu zitakoma."

"Nichome, mama watoto! Nichome wala usinionee huruma!"

Taa zikazimwa. Usingizi ukatanguliza jeshi la miayo. Shujaa akaling'ata likarudi. Ukaleta kope zenye uzito wa magunia ya unga. Akajifinya paja, akaikanda kofia yake mapajani kama donge. Lakini jukwaani mfalme alikuwa akikata roho, na alikata roho polepole, kwa hotuba. Kichwa cha shujaa kikainama. Kiwiko hakikuja.

Huko chini kabisa, katika shimo la mateka, akaliona tanuri lake limeachwa peke yake. Mtu huyu hajapata kuunguza hata mkate mmoja. Akaruka wima, akanguruma:

"Mikate inaungua!"

Ukumbi mzima ukageuka. Mfalme aliyekuwa akifa akafumbua jicho moja.

"Keti, mzee wangu," bibi mmoja wa nyuma akamnong'oneza. "Huku anayekufa ni mfalme tu."

Watu wakacheka, naye aibu ikamwaka mwilini mpaka usingizi wote ukakimbia. Akageuka kumlaumu mlinzi wake. Lahaula! Mlinzi alikuwa ametekwa, mdomo wazi, akikoroma kwa adabu. Papo hapo mlango wa jukwaa ukafunguka, akaingia binti na sinia mikononi.

"Mama watoto! Ndiye huyo!" akasema shujaa, na kiwiko chake mwenyewe kikafanya kazi.

"Sijalala," akajibu mke, macho yamefumbwa.

"Wageni wamefika," akatamka binti, sauti safi, macho yakitafuta safu kwa safu, hata yakayakuta mawili mekundu kama makaa, yamemkodolea.

Mchezo ulipokwisha, akawakuta mlangoni.

"Baba, nani yule aliyepiga kelele za mikate?"

"Watu wengine hawana malezi, mwanangu."

Binti akamkumbatia kwa nguvu, maana sauti ya baba yake aliijua. "Na mama je, alinisikia?"

Mke akatazama viatu vyake.

"Mama yako," akanena shujaa kwa upole wa washindi, "alisikia 'wamefika.'"

Basi na ijulikane kwa vizazi vyote: siku ile, katika mji wa kusini, mwoka mikate aliyasikia yote mawili.