Katibu wa Muda wa Maombi ya Alfajiri

Jumatatu, 2 Juni

Habari nzito. Mama Philomena anapasuliwa! Katutangazia mwenyewe jioni hii, katikati ya kipindi, kwa sauti ileile anayotumia kututajia sura na mstari. Uvimbe tumboni. Upasuaji ni Jumatatu ijayo, hapahapa Bariadi.  Kundini tuko watu sitini na wanne, na wa kwanza alikuwa Joyness wa mtaa wa pili, akaanza kutuma vikatuni vya kulia.

Mama Philomena ni mwalimu mstaafu, na ndiye aliyeanzisha kundi letu la Chemchemi ya Neno. Kila siku saa moja jioni tunasoma Biblia kwa simu: sisi wa Bariadi, wenzetu wa Maswa, hata wa Mwamanyili kule Busega. Mimi ni katibu wa muda. Cheo hicho nilijipa mwenyewe mwaka juzi na hakuna aliyekipinga.

Daktari kamkataza kazi mpaka mwisho wa mwaka. Kwa hiyo, nani atashika uongozi? Mama anasema ataomba kwanza, na akishatoka salama atataja jina. Nami nimeomba. Nimemtajia Mungu jina moja tu, nisimchoshe.

Kikwazo kimoja. Nyanda wa Mwamapalala, mfuga ng'ombe. Kwake mtandao haushiki, hivyo anasoma nasi akiwa amesimama juu ya kichuguu. Ng'ombe wanasikika kuliko yeye. Sala zake nusu ni Kisukuma. Akimaliza, akina mama wote wanamwaga Amina zenye maua! Mimi nasema "enyi wateule" na "aidha", napata Amina sita, mojawapo ya kwangu.

Jumanne, 3 Juni

Nimepata mpango. Maombi ya alfajiri! Nimetangaza kwamba kuanzia kesho, saa kumi na moja kamili, mimi Salvatory nitamwombea Mama kila siku kwa ujumbe wa sauti hadi siku ya upasuaji. Amina arobaini. Arobaini!

Mke wangu Specioza kauliza nani ataamka saa hizo, maana mimi huamshwa na njaa. Nimemjibu kwamba dunia imeendelea.

Mchana wenzangu wa masijala walipoenda kula, nilijifungia stoo ya majalada nikarekodi sala sita, Jumatano mpaka Jumatatu. Kazi ya alfajiri itakuwa kubonyeza tu, kisha nalala. Nilirekodi na ya saba, ya dharura. Mtu mzima hujiandaa kwa lolote. Hiyo inaanza, "Tunakushukuru kwa maisha ya mama yetu aliyetutangulia mbele ya haki." Nzuri kuliko zote. Nilijiliza mwenyewe.

Jumatano, 4 Juni

Ushindi! Nilibonyeza saa kumi na moja, saa kumi na moja na dakika moja nikawa nakoroma. Niliamka nikakuta Amina hamsini na mbili. Joyness kaandika kwamba sauti yangu inasikika kabisa ni ya mtu aliyekesha magotini. Mama Philomena mwenyewe kaandika: "Ahsante Salvatory mwanangu, umenitia nguvu."

Nyanda naye kanipigia kunipongeza. Alianza na salamu yao ya mwangaluka, akauliza habari za nyumbani, za kazi, za mke, za watoto wa ndugu zangu anaowajua na asiowajua. Dakika tisa. Akamaliza kwa kushukuru Kisukuma: wabeja sana, katibu. Anajifanya mnyenyekevu. Simwamini.

Alhamisi, 5 Juni

Balaa. Sala ya leo ilifika kwenye maneno "katika utulivu huu wa alfajiri, Bwana, kabla jogoo hajawika," ikasikika sauti ya Clement wa meza ya jirani, nje ya stoo, akiuliza nani kachukua stepla yake. Kisha akasema wali maharage umeisha kwa mama ntilie, zimebaki chapati.

Sikuisikiliza kabla ya kutuma. Nani husikiliza sala yake mwenyewe?

Joyness akauliza ni ofisi gani inafunguliwa saa kumi na moja alfajiri, na ni mama ntilie gani anamaliza wali saa hizo.  Nikaandika kwamba adui anatumia mbinu za kila namna kuvuruga maombi, na sauti hiyo hata mimi sikuisikia nilipokuwa nikiomba.

Aliyeniokoa ni Nyanda! Kapanda kichuguu asubuhi ileile na kukemea kwa dakika kumi na mbili. Kamkemea pepo wa stepla kwa Kiswahili, kisha kwa Kisukuma, kamwamuru arudi alikotoka na chapati zake. Ng'ombe wakaitikia. Kundi zima likasema Amina, na Joyness kaomba radhi kwa kutilia shaka.

Sijafurahi. Sala yake imepata Amina sitini na moja. Pepo ni wangu, sifa kachukua yeye.

Ijumaa, 6 Juni

Mama Philomena kalazwa. Binti yake, Lucy, kaandika kwamba daktari anataka chupa tatu za damu ziwe tayari kabla ya Jumatatu, na ndugu walete wachangiaji. Mama hana ndugu hapa. Kwao ni Songea. Ndugu zake ni sisi.

Nafasi hiyo! Nikaanzisha orodha papo hapo. Namba moja: Salvatory. Niliiandika kwa herufi kubwa. Hesabu yangu ni rahisi. Namba moja ni mfano wa kuigwa. Watakaotolewa damu ni kuanzia namba mbili kushuka. Kufikia saa kumi tulikuwa ishirini na mmoja.

Specioza kaisoma orodha akacheka hadi akakaa chini. Kanikumbusha kwamba mwaka jana nilizimia kwa kipimo cha malaria. Nikamwambia ile ilikuwa njaa.

Jioni ilikuwa zamu yangu ya kufundisha. Nimefundisha juu ya kujitoa kwa ajili ya ndugu, dakika arobaini na tano bila kumeza mate. Mwishoni nikasema kwa masikitiko kwamba wapo wenzetu hodari wa kukemea mapepo, lakini kwenye orodha ya damu majina yao hatuyaoni. Sikutaja mtu. Nilitaja kichuguu tu.

Nyanda hakujibu. Kimya kabisa! Nimempata.

Jumamosi, 7 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Asubuhi Lucy akapiga. Kasema anafuata orodha kama ilivyo, kwa hiyo anaanza na mimi. Nikamwambia kwa huzuni kwamba niko kwenye dozi ya malaria. Specioza akauliza kwa sauti ya kufika Maswa: malaria gani, na tangu lini? Lucy akasikia. Dakika ishirini baadaye nilikuwa hospitali, Specioza kanishika mkono kama mtuhumiwa.

Kwenye benchi la maabara nimkute nani? Nyanda! Anakunywa soda, kafungwa pamba mkononi. Aliondoka Mwamapalala jana jioni, ndiyo maana alikuwa kimya. Kipindi changu hakukisikia kabisa. Keshatoa chupa yake. Na kaja na wenzake wawili wa machungani, ambao hata kundini hawamo. Mmoja ana hirizi mkononi. Nilimvuta Nyanda pembeni nikamwuliza kama huyu ni mwamini. Akasema, katibu, mimi nilimwuliza kama ana damu.

Chupa tatu zilishapatikana. Ningeweza kurudi nyumbani! Lakini Joyness akaingia na simu yake, akitaka kupiga picha ya namba moja akijitoa. Nikakaa kwenye kiti. Yule dada wa maabara akasema anapima tu kidole kwanza. Nikaiona ile sindano. Ndogo.

Nilipofumbua macho nilikuwa kitandani, dripu inatiririka, Nyanda ananipepea kwa kofia yake. Joyness kashapiga picha kutoka mlangoni na kashaituma. Maneno aliyoweka chini: "Katoa mpaka nguvu zimemwishia. Huu ndio upendo."

Sikuandika chochote. Si mimi niliyesema.

Jumapili, 8 Juni, Pentekoste

Siku tukufu! Baada ya ibada akina mama saba walikuja nyumbani kunitazama. Wameleta mchemsho wa kuku kwenye hotipoti, juisi ya maembe, na michembe ya viazi vikavu yenye karanga. Nililala kwenye kochi na shuka mpaka kidevuni. Mmoja akataka kujua nimetoa chupa ngapi. Specioza naye akageuka akaniambia, waambie baba, chupa ngapi? Nikasema mkono wa kushoto hautakiwi kujua. Wakaguna kwa heshima. Specioza akaenda jikoni na sufuria zikaanza kugongana.

Saa tisa akaja Nyanda kwa baiskeli, na kibuyu cha maziwa mgando, ili nirudishe nguvu. Yeye alikuwepo. Anajua sikutoa hata tone. Nilimwangalia nikisubiri aseme kitu mbele ya wale mama. Aliuliza tu kama kizunguzungu kimeisha, akanimiminia kikombe.

Nimeona aibu. Naandika kwa kuwa hapa hasomi mtu. Aibu ya kweli, kama dakika tatu. Kisha nikanywa maziwa. Yalikuwa mazuri.

Na nyingine. Kesho ndiyo kesho, na ninaogopa. Nilipohamishiwa huku kutoka Kagera sikumjua mtu, na Mama Philomena ndiye aliyenikaribisha chakula Jumapili ya kwanza, akaniuliza kama najua kusoma Biblia au najua kuibeba tu. Sitaki afe. Kesho sibonyezi sala ya stoo. Nitaamka na kuomba kwa kinywa changu.

Jumatatu, 9 Juni

Baridi ya Juni. Blanketi lilishinda.

Saa kumi na moja kengele ililia, nikatoa mkono mmoja, nikabonyeza faili la mwisho, nikarudi ndani.

Nimeamshwa saa moja na Specioza, anapiga kelele kwamba nimemuua mwalimu. Ujumbe mia moja na thelathini! Faili la mwisho lilikuwa la saba. La dharura. Maswa wamelia. Mwamanyili wamelia. Watu wa Nyalikungu, kulekule Maswa, wamekodi gari na kupakia turubai na masufuria. Wapo walioandika kwamba hawajawahi kusikia sala ya msiba yenye kugusa hivi, na kwa upande huo nimefarijika.

Mama Philomena kaisikia akiwa kwenye kitanda cha magurudumu, anasubiri kuingizwa. Kaandika mstari mmoja: "Mimi bado nipo. Salvatory, umesahau kutaja shule niliyofundisha." Kisha wakachukua simu yake.

Nilienda mbio hospitali bila kunawa uso. Nilikaa nje ya mlango wa upasuaji saa tatu nzima, na hapo nikaomba. Sikukumbuka hata "aidha" moja. Nilisema tu tafadhali, tafadhali. Nyanda alikuwa pembeni yangu, naye anasema maneno yake ya Kisukuma.

Saa tano na nusu daktari akatoka. Salama! Chupa mbili zimetumika. Nililia, Nyanda akalia, Lucy akatukumbatia wote wawili. Wale wa Nyalikungu wakafika na turubai, wakaishia kupika pilau ya shukrani.

Jumatano, 11 Juni

Mama kazungumza kundini kutoka kitandani, taratibu. Kasema kicheko cha Jumatatu kilimwondolea hofu yote, kwa hiyo kanisamehe. Halafu kataja jina. Nyanda.

Nyanda akakataa! Kasema anayefaa ni katibu.  Nikaanza kuandika hotuba ya kukubali. Nyanda akaendelea kunitetea kutoka kichuguuni kwake. Kasema watu wasinicheke kwa ile sala. Kasema yeye kutoa damu hakumgharimu kitu, kwa sababu haogopi. Lakini katibu Salvatory anaogopa sindano mpaka alianguka kwa kuchomwa kidole tu, kabla hata tone halijatoka, dripu ile aliwekewa kwa woga, na bado alikwenda! Huyo, kasema Nyanda, ndiye shujaa.

Kila neno alilisema kwa upendo. Hilo ndilo linaloniua.

 Kisha vikatuni vya kucheka, sitini na viwili. Joyness kafuta ile picha na kuiweka upya, na maneno mapya chini yake. Mmoja wa akina mama wa kuku kamwuliza Specioza kama lile hotipoti limekwisha kuoshwa.

Nyanda ndiye kiongozi. Cheo cha katibu wa muda kimefutwa. Mama kanipa kazi: kila Jumamosi niwatembelee wagonjwa wodini, kwa miguu, simu ibaki nyumbani. Nimesema ndiyo, Mama. Na nilimaanisha, mpaka usiku.

Ijumaa, 13 Juni

Nimetafakari kwa kina. Nimeona kosa lilipokuwa. Kosa lilikuwa kundi.

Nimeanzisha langu: Chemchemi Halisi ya Neno. Mwenyekiti, mimi. Katibu, mimi. Niliwaalika watu sitini na watatu. Kaingia Nyanda peke yake, kaandika kwamba anafurahi kazi ya Bwana inapanuka, na anaomba aelekezwe afanye nini. Specioza aliingia akatoka.

Kwa nini watu hawaji? Nimelifikiria hilo mchana kutwa ofisini, na jibu ni jepesi mno nashangaa sikuliona. Kundi halina mgonjwa. Chemchemi ile iliamka lini? Mama Philomena alipougua! Watu wanataka mtu wa kumwombea.

Basi leo saa nane nimekohoa mara mbili mbele ya Clement. Jioni nimeandika kundini kwamba kifua kinanibana na nisijibiwe kwa haraka, sina nguvu ya kusoma. Nyanda kajibu kabla sijaweka simu chini. Anaacha ng'ombe kwa jirani na anakuja sasa hivi, anakuja na daktari wa zahanati yao, na daktari anakuja na sindano.

Nimemwandikia kwamba nimepona. Ni muujiza, na nimemwagiza autangaze kwenye kundi la zamani.